Mwaka wa Kisiki cha Mkoma

Jina la Ewoi lilikuwa la kumi na nne kwenye orodha. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, na nilikuwa mbele ya ukumbi tuliokodi Lodwar, nikizipanga kalamu juu ya meza ziachane kwa nafasi sawa, ndipo nikalisoma. Nikalisoma tena. Manahodha ishirini wa ziwani walikuwa wamekuja kwa mafunzo ya siku tatu ya usalama wa boti, na mwalimu wao ni mimi. Somo la kwanza huwa ni kisa kimoja kilichotokea kaskazini ya Kataboi: nahodha alikwama juu ya kisiki, akarudi nyuma bila kukagua, boti ikajaa maji. Nimekisimulia kisa hicho mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sijawahi kumtaja nahodha huyo kwa jina. Sasa alikuwa ameketi safu ya nyuma kabisa. Alikuwa amekisukuma kando kiti cha plastiki akakalia ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho mzee wa Kiturukana hukikalia mchana na kukifanya mto usiku. Shingo ya kigoda ilikuwa imefungwa waya. Niliujua ufa uliokuwa chini ya waya ule.

Nikiri mapema, nisije nikakosa ujasiri katikati. Ewoi alinyang'anywa boti kwa sababu ya sentensi niliyoiandika mimi, na kila neno katika sentensi ile lilikuwa la kweli.

Mwaka wa ajali ile nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa karani wa mradi mdogo uliopeleka chanjo kwenye vituo vya kando ya ziwa, na nilikuwa nimepanga chumba kimoja cha mabati Lodwar, chumba ambacho saa nane mchana huwezi kuegemea ukuta wake. Ndani nilikuwa na kitanda, jiko la mafuta, ndoo mbili zenye vifuniko, na karatasi. Karatasi zilikuwa nyingi. Nilibandika orodha ukutani kwa kila kitu: vitu vya safari, vitu vya kukagua kabla ya safari, vitu vya kukagua baada ya kukagua. Hakuna aliyenifundisha habari za boti. Kulikuwa na kijitabu kilichoachwa ofisini, kimelowa kikakauka kikajikunja, na kulikuwa na simu yangu, nikitazama video hadi data iishe. Sijui kuogelea hadi leo. Niliamini kwamba nikijua kila kitu kinachoweza kuharibika, hakuna kitakachoharibika. Siku moja nilikuwa nasoma kwa sauti, na kupitia mabati niliwasikia majirani wawili wakichambua mboga nje.

"Huyu msichana huwa anaongea na nani?"

"Anasoma."

"Anasomea nini?"

"Maji."

"Maji! Lodwar hii, hata kwa bomba hakuna maji, yeye anaisomea?"

Wakacheka hadi mmoja akaomba aachwe apumue. Nilipunguza sauti, lakini sikuacha.

Kila baada ya wiki mbili nilitumwa Kakuma kupeleka fomu, na huko ndiko nilikopata mtu wa kunifundisha kwa mikono badala ya karatasi. Tulimwita Baba Furaha. Alikuwa Mkongo, fundi wa injini za boti tangu ujana wake kando ya Ziwa Tanganyika, na sasa alikuwa anatengeneza jenereta katika kambi ya wakimbizi, mahali ambapo hakuna ziwa la kuonekana hata kwa darubini. Karakana yake ilikuwa ya matope na turubai, na katikati alikuwa na pipa la maji lenye injini kuukuu ya boti, ambayo aliiwasha mara moja kwa wiki ili, kama alivyosema, isisahau kazi. Wasomali waliokuja na jenereta walimbishia bei kwa Kiswahili chao, vijana walipita wakimsalimu kwa Sheng, na yeye alimjibu kila mmoja kwa lugha yake bila kuinua macho. Mkewe alitupa bugali na sombe, kisamvu cha kwao, yenye dagaa ndani, nasi tulikula kwenye sinia moja huku mikono ya Baba Furaha ikinuka petroli. Yeye ndiye aliyenifundisha kuwasha, kupunguza moto, kugeuza, kuinua pangaboi, yote ndani ya pipa. Siku moja nilimwuliza boti ikikwama mtu afanye nini, kalamu ikiwa tayari.

"Weye na kalamu," akasema. "Sikiliza kwanza. Boti ikipanda juu ya kitu, usirudi nyuma mbio. Zima injini. Angalia chini kama maji inaingia. Ile kitu imetoboa, njo ile ile inaziba. Ukiitosha, umefungulia maji mlango."

Nikaandika, nikijua kwamba kwake kutosha ni kutoa. Nilipofika Lodwar nikaandika upya kwenye kadi kwa mwandiko mzuri, nikaipeleka kwa mtu wa fotokopi akaipiga plastiki, nikaitoboa tundu na kuivaa shingoni. Kadi ile ilikuwa na mambo kumi. Lile la kutorudi nyuma lilikuwa la nne.

Wiki ya safari yenyewe ya kupeleka chanjo, gari letu lilinasa kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu unaokata barabara. Aliyekulia Turkana hahitaji kufundishwa la kufanya hapo: watu wanashuka, dereva anatia gia ya kurudi nyuma, mmoja anahesabu, wote wanasukuma. Mimi ndiye niliyehesabu. Moja, mbili, tatu, gari likatoka. Nakumbuka nilijisikia vizuri siku nzima kwa sababu ya kuhesabu kule. Jioni tukafika Kataboi, na kwa kuwa sikuweza kulala bila kufanya kitu, niliomba kuiosha boti. Ilikuwa boti ya faiba ya kikundi cha wavuvi, na Ewoi alikuwa ameiendesha tangu ilipokuja, watu wakiiita boti ya Ewoi ingawa haikuwa yake. Niliisugua hadi ikang'aa. Sehemu ya mbele nilikuta jerikeni lililokatwa mdomo, jeusi, linanuka samaki wa mwaka juzi. Nikalitupa.

Asubuhi tulikuwa wanne na mtoto. Ewoi alikuwa kwenye injini, na ekicholong yake ikining'inia kwenye kidole kwa ugwe wa ngozi. Wafula alikuwa muuguzi kutoka Bungoma ambaye kila mtu alimwita daktari. Kisha mama mmoja wa Kataboi, Mama Lomuria, aliyeomba lifti akiwa na mtoto wa miezi michache. Na mimi, kiongozi wa safari, kama ilivyoandikwa kwenye fomu. Jambo moja nililifanya sawasawa: niligoma kuondoka hadi kila mtu mzima avae jaketi la kuelea. Mama Lomuria alilivaa akinung'unika, mtoto akiwa ameketi mapajani mwake.

"Daktari," Ewoi alisema tulipoiacha pwani, "huko Kenya nyinyi mnavukaga maji na nini?"

"Mzee, hapa pia ni Kenya."

"Aa. Hapa ni Turkana. Kenya tunaisikiaga kwa redio."

Upepo wa alfajiri ulikuwa umeanza kupungua. Tulifuata ufuo, lakini ufuo haukuwa pale ulipokuwa zamani. Ziwa lilikuwa limepanda miaka ile, likameza nyua, vibanda vya kukaushia samaki, na mikoma mizima, ile mitende yetu ya nyikani, na vichwa vya mikoma iliyokufa vilitokeza majini bila majani. Ewoi alikwenda pole akivihesabu kwa midomo. Iliyotokeza si shida, alituambia, shida ni iliyokatika. Mara tukasikia chini ya miguu yetu mlio kama wa mtu anayepasua kuni. Boti ikasimama, sehemu ya mbele ikiinuka kidogo, na chai ya Wafula ikammwagikia magotini.

Ewoi akazima injini. "Kisiki. Kaeni tu."

"Tumetoboka?" Wafula akauliza.

"Sijui bado. Wacha nitoe hizi sanduku, niinue ubao, niangalie chini."

Nikatazama saa. Nilikuwa nimewaahidi akina mama wa kituo cha mbele kwamba saa tatu kamili tutakuwa hapo, na barafu kwenye sanduku la chanjo nilikuwa nimeipigia hesabu hadi ya dakika. "Mzee, itachukua muda gani?"

"Na mizigo yenu? Kama robo saa."

"Hatuna robo saa. Washa, urudi nyuma. Sisi tutasukuma na upondo."

Alinitazama. "Hii si gari, madam."

"Najua si gari."

"Na hapa si laga."

Kadi ilikuwa shingoni mwangu, imegeukia kifuani. Jambo la nne nililijua kwa moyo, ningeweza kulisema usingizini. Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini sikulisema, na jibu ninaloweza kulitoa bila kujipamba ni kwamba mambo yale niliyatunza kwa ajili ya ajali, na mimi sikutaka iwe ajali. Nilitaka iwe kuchelewa kidogo. "Mimi ndiye kiongozi wa safari," nikasema. "Imeandikwa."

"Haya," akasema Ewoi. "Mwenye karatasi amesema."

Nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Boti ikatoka kwa wepesi hata Wafula akapiga makofi, nami nikatabasamu. Kisha Mama Lomuria, aliyeketi karibu na sehemu ya mbele, akainua mguu mmoja, halafu wa pili. "Ngakipi," akasema kwa sauti ya kawaida tu, neno letu la maji.

Dakika ya kwanza niliitumia kusoma kadi. Ewoi hakuitumia hivyo. Alizima injini na kutusogeza sote nyuma, upande wa kulia, mmoja mmoja, tukitambaa, ili upande uliotoboka upungukiwe uzito. "Mtu asisimame," akasema. "Na hakuna kuruka. Ufuo unaonekana karibu, lakini si karibu, na mamba anatusikia." Akatupa masanduku kando, akang'oa ubao, na hapo tundu likaonekana, upana wa kiganja, maji yakisukumana kuingia. Alivua shuka yake, akaikunja, akaishindilia. Shuka ikarudi juu. Akaishindilia tena, akaweka ekicholong juu yake, akakanyaga kwa mguu na uzito wake wote. Maji yakapungua, ingawa hayakukoma.

"Daktari, chota. Jerikeni iko hapo mbele."

Wafula akapapasa. "Haipo, mzee."

"Iko hapo siku zote."

"Mzee, hapa hakuna kitu. Ni safi."

Ewoi alinitazama kwa muda mfupi sana. "Basi tumia sanduku ya dawa," akasema. Nilikuwa nimelikumbatia sanduku lile kwa mikono miwili, na sikuliachia. Nilikuwa naanza kueleza habari za barafu, Mungu anisamehe, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu yetu, Mama Lomuria aliponikatiza.

"Dada, hiyo dawa ni ya watoto gani, kama si huyu?"

Nikalifungua mwenyewe. Nikamwaga chanjo na barafu ziwani, nikampa Wafula sanduku, naye akachota bila kupumzika. "Piga simu Kataboi kabla haijalowa," Ewoi akaniambia. Hilo nililiweza: nikasema tuko wapi, tuko watu wangapi, boti inaingia maji mbele, tunaelekea mchangani; nikarudia mara mbili, nikaifunga simu ndani ya mfuko wa plastiki. Kisha tukatambua wote kwa pamoja kwamba nahodha wetu alikuwa amekanyaga tundu na hawezi kufika kwenye injini.

"Madam," akasema, "wewe umesoma hii kitu. Washa."

Mikono yangu ilikumbuka pipa la Kakuma. Nikavuta kamba mara tatu, ikashika. "Pole pole," akasema, akitazama maji mbele. "Kama umebeba uji moto. Kulia kidogo. Nyoosha. Nyoosha tu." Nilikuwa nalia, lakini niliendesha. Hatukwenda kituoni, hatukurudi Kataboi. Tulikwenda penye mchanga uliokuwa karibu kuliko pengine pote. Tulipofika maji ya kina kidogo nikataka kuzima. "Bado. Wacha ipande yenyewe. Bado. Sasa zima, inua injini." Tumbo la boti likakwaruza mchanga, na kwa mara ya pili asubuhi ile tukakwama, safari hii kwa hiari yetu.

Wavuvi wa pale walituchemshia samaki kwa chumvi tu, tukala kwa vidole vilivyokunjamana kwa maji. Mtoto alinyonya akalala. Ewoi aliitoa ekicholong yake, akaigeuza juani, akaupitisha ukucha kwenye ufa mpya shingoni mwake. "Kisiki ilikuwa imetuziba vizuri," akasema, bila kumtazama yeyote.

Siku chache baadaye, ofisini Lodwar, meneja wetu, mama mpole anayependa mambo mafupi, aliniambia niandike sababu ya ajali kwa mstari mmoja. Niliandika rasimu nane. Ya kwanza ilikuwa na jina langu. Kila nilipoisafisha, jina langu ndilo lililoonekana neno la ziada. Ya nane ilisema: Nahodha alirudisha boti nyuma kabla ya kukagua sakafu. Wakubwa wa mradi na wa kikundi wakamwita Ewoi, wakamsomea, wakamwuliza kama ni kweli. Nilikuwa nimeketi pale, nikisubiri anitaje, nikiwa na majibu tayari. "Ni kweli," akasema. "Mkono iliyorudisha ni yangu." Jerikeni hakulitaja. Kikundi kikampa mtu mwingine boti, na Ewoi, aliyeishi juu ya maji tangu utoto, akaenda Kaikor, mbali na ziwa, kuchunga mbuzi wa kaka yake. Wafula alihamishwa mwezi uleule, na Mama Lomuria hakuna aliyemwuliza. Ripoti yangu ilisifiwa. Kwa sababu ya ripoti ile nikafanywa mwalimu wa usalama.

Nilimweleza Baba Furaha pekee, kwenye karakana yake, kabla hajapata safari ya kwenda kuishi ng'ambo. Alisikiliza hadi mwisho akipangusa plagi kwa kitambaa.

"Uende umuambie."

"Kaikor ni mbali, Baba Furaha."

"Kaikor iko mbali kuliko Kongo?"

Sikwenda. Nilitunga sababu, nikaziandika kwa mwandiko mzuri. Na kila nilipolisimulia somo la kwanza, kisa kilizidi kunyooka, hadi nami nikaanza kumwona yule nahodha kama mtu mzembe ambaye sikuwahi kukutana naye.

Sasa alikuwa safu ya nyuma. Msaidizi wangu alinong'ona kwamba kikundi kimekubali kumrudishia injini, ila kwa sharti alete cheti cha mafunzo haya. Cheti kinatiwa sahihi na mimi. Meneja naye alikuja kufungua mafunzo, akabaki, akakaa pembeni na daftari. Nikafungua mdomo kusema somo la kwanza kama kawaida, na sikuweza kuukumbuka mwanzo wake. Nikasema tu, "Nahodha wa kisa hiki yuko humu ndani, na aliyemwambia arudi nyuma ni mimi."

Nikaeleza yote: laga, saa yangu, kadi shingoni, fomu, kuhesabu. Nikaisema ile sentensi ya ripoti na kilichokosekana ndani yake. Nikasema alivyoziba, alivyotupanga, alivyoniongoza nikiwa kwenye injini. Sikumtazama meneja. Nikanywa maji, nikaendelea. Nilipomaliza nikazinyoosha tena kalamu mezani. Nilidhani nimekamilisha, na nikiri, hata pale nilijisikia kidogo kama mtu aliyefanya kazi safi.

Ewoi akainua mkono, kama mwanafunzi.

"Madam, umesahau jerikeni."

Kwanza akacheka mmoja, kisha wote, bila kujua wanachokicheka, kwa jinsi tu alivyolisema. Nami nikacheka, halafu nikaketi, na nikaeleza habari za jerikeni nikiwa nimeketi.

Mchana tulikula wali na maharage. Ewoi alikuja na sahani yake akaweka ekicholong karibu na kiti changu. Nilianza kuomba radhi. Akaniachia niseme hadi mwisho, akitafuna.

"Ulijua ni mimi niliyeitupa," nikasema.

"Boti ilikuwa inanukia sabuni."

"Kwa nini hukusema ofisini?"

"Ningesema wewe uliniambia, wangeniuliza, kwani wewe si nahodha? Hiyo swali sikuwa na jibu yake. Mpaka leo sina." Akala kijiko kingine. "Lakini mbuzi ya kaka yangu, madam. Mbuzi ni kelele sana."

Jioni niliandika ripoti upya. Rasimu moja. Meneja aliisoma akiwa amesimama, akavua miwani, akasema Ijumaa nitaitwa ofisini na nisibebe kadi zangu. Sijui watakachoamua, leo ni Alhamisi. Jana jioni, mwisho wa mafunzo, niliwatahini mmoja mmoja kwa mdomo. Ewoi alipofika zamu yake nilimwuliza kama nilivyowauliza wote: boti imekwama juu ya kitu, unafanya nini?

"Nazima injini," akasema. "Watu wanavaa jaketi, wanakaa. Nainua ubao, naangalia chini. Kama maji inaingia, sitoki hapo mpaka nijue nitaiziba na nini. Napiga simu." Akakuna kidevu. "Na kama mwenye karatasi ana haraka, nampa jerikeni ashike."

Nikamwandikia alama zote, nikatia sahihi.